Nani Anamwagilia Jumatano?

Katibu wa kikundi chetu cha bustani alikuwa akisoma daftari la mahudhurio chini ya mwembe, kama afanyavyo kila tumalizapo kazi ya Jumamosi. Alipofika kwenye jina la mama lishe mmoja anayepikia mafundi ujenzi huku kwetu Segerea, Dar es Salaam, alisita. Mbele ya jina lile palikuwa na alama za kutohudhuria tangu mwezi uanze. Katiba yetu ndogo, tuliyoiandika wenyewe na kuipeleka kwa mtendaji wa mtaa, inasema kwamba mwanachama asiyeonekana Jumamosi nne mfululizo bila taarifa atahesabiwa kuwa amejitoa. Katibu akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajaukata mstari huo.

Nje ya uzio wa michongoma alisimama kijana wa bodaboda, ambaye kijiwe chao kinatazamana na bustani yetu. Si mwanachama, na kwa kawaida huwa anatusikiliza tu huku akisubiri abiria. Siku hiyo alisema, kwa adabu kabisa: "Shikamooni wazee wangu, samahani kwa kuingilia. Huyo mama mnayetaka kumkata ndiye ninayemwona hapa kila jioni na madumu. Mimi nilidhani mmemwajiri."

Palipita kimya kidogo.

Jina halikukatwa. Kikao kiliendelea na ajenda ya mbegu za bamia, tukagawana mchicha, tukaagana. Lakini maneno ya kijana yule hayajanitoka kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na kila ninapopita karibu na bustani nikielekea kituoni asubuhi najikuta nikitafuta jibu lake. Tumekuwa tukijiita kikundi cha kujitolea kwa muda mrefu, tuna daftari, tuna mihutasari ya vikao na picha nyingi kwenye simu, na bado mpita njia alijua kuliko sisi ni nani anayeifanya bustani iwe hai.

Jumamosi tunazozipenda

Jumamosi zina heshima yake, na sitaki kuipunguza hata kidogo. Eneo letu la wazi lilikuwa dampo lisilo rasmi. Ukichimba hata leo, chini ya tabaka la kwanza la udongo wa kichanga unakutana na mifuko ya rambo iliyokunjamana, myeusi na ya bluu, ikiwa mizima kama ilivyotupwa. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mwanafunzi, lakini jembe bado linaitoa. Tumeitoa kwa viroba na viroba. Tulikusanya vifusi tukavipanga kuwa kingo za matuta, tukaomba samadi kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa mtaa wa pili, tukachoma vipande vya chupa vilivyokuwa vikikata watoto miguu? Hapana, chupa hazichomeki. Tulizichambua kwa mkono, kipande kimoja kimoja, na akina mama wawili waliokuwa na subira kuliko sisi wote ndio waliofanya kazi hiyo.

Hiyo ni kazi ya Jumamosi. Ni kazi ya watu wengi kwa pamoja, ina kelele na vicheko, ina chai na mihogo ya kuchemsha, na inaacha alama ambayo macho huiona papo hapo. Jiji hili limezoea kazi ya namna hiyo. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliahirishwa ili wananchi wafanye usafi, na tangu wakati huo Jumamosi ya mwisho wa mwezi imebaki kuwa siku ya kutoka na fagio, fyekeo na reki. Kikundi chetu kilizaliwa ndani ya mazoea hayo: baadhi ya majirani walichoka kufagia eneo ambalo lilichafuka tena kabla ya mwezi kuisha, wakaona bora lipandwe kitu.

Hapo ndipo tulipotoka kwenye usafi tukaingia kwenye kilimo, na sidhani kama tulitambua kwamba tumebadilisha aina ya kazi. Uwanja uliofagiwa Jumamosi unaweza kusubiri hadi Jumamosi nyingine. Mche wa mchicha uliopandikizwa Jumamosi, katika jua la Februari, hausubiri hata Jumatatu.

Hesabu ya madumu

Nilikaa chini na kupiga hesabu ambayo hatukuwahi kuipiga kikaoni.

Tuta letu la kawaida lina upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, yaani mita za mraba kumi. Katika joto la Dar es Salaam, mboga za majani zilizofunika tuta hupoteza maji yapata milimita nne hadi tano kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo kila tuta linadai lita 40 hadi 50 kwa siku isiyo na mvua: madumu mawili ya lita ishirini, na mara nyingine nusu ya la tatu. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, hivyo haiwezekani kumwagilia mengi leo ili kesho tupumzike.

Tulikuwa na matuta ishirini na manne.

Hiyo ni kati ya madumu 48 na 60 kila siku, yapata tani moja ya maji inayobebwa kwa mikono kutoka kisima cha jirani mwema hadi kwenye matuta, kisha kumiminwa kwa keni taratibu ili mbegu zisisombwe. Mchicha huchukua wiki tatu hadi nne kutoka kupandwa hadi kuvunwa. Katika kipindi hicho chote kuna Jumamosi tatu au nne tu. Siku nyingine zote, ambazo ni nyingi mara sita, hazikuwa na mwenyewe katika daftari letu. Tulikuwa na zamu ya kupalilia, zamu ya kuleta chai, hata zamu ya kupiga picha. Zamu ya maji iliandikwa kwa neno moja: "wote".

Mtu yeyote aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye choo kimoja anajua kazi iliyoandikwa "wote" hufanywa na nani.

Hesabu hii ilinieleza pia jambo ambalo lilikuwa likitusumbua bila sisi kulipatia sababu. Kila msimu tulikuwa tukipoteza matuta ya upande wa mashariki, yaliyo mbali na kisima. Tulilaumu mbegu, tukalaumu utitiri, tukapulizia maji ya majani ya mwarobaini, mzee mmoja akashauri tubadilishe samadi. Matuta yale yalikuwa yakifa kiu. Mtu mmoja, au wawili, akiwa na nguvu za madumu kumi na tano jioni, humwagilia yaliyo karibu kwanza, na nguvu humwishia njiani.

Kumwagilia kama adhabu

Kwa nini kazi hii ilikuwa haionekani? Nimejiuliza sana, na sehemu ya jibu naiona katika namna tulivyolelewa.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali tulikuta bustani ya shule. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mwanafunzi ajifunze kwa kufanya kazi na shule ijitegemee kwa sehemu, na fikra hiyo ilikuwa na utu ndani yake. Lakini katika utekelezaji, kwenye shule nyingi, kumwagilia bustani kukawa kazi ya waliochelewa namba, waliopiga kelele darasani na wasiochana nywele. Aliyefanya vizuri alikaa darasani. Aliyekosa alipewa ndoo. Sishangai basi kwamba watu wazima wenye kumbukumbu hizo wakikutana kuunda bustani, watagombea kupanga matuta na kuandika kibao cha jina la kikundi, na hakuna atakayenyosha mkono kwa ajili ya ndoo.

Kilimo chenyewe si kigeni kwa jiji hili. Katikati ya miaka ya 1970, nchi ilipopungukiwa chakula na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikatangazwa, wakazi wa mijini nao walihimizwa kulima kila kipande kilicho wazi. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi hata nusu ya mwezi, watumishi wa umma walilima mchicha na matembele na kufuga kuku nyuma ya nyumba, hata katika maeneo ya wenye vyeo. Lakini bustani zile zilikuwa za nyumba. Aliyemwagilia ndiye aliyepika, na aliyepika ndiye aliyekula, au walau watoto wake. Maji na chakula vilipita katika mikono ileile.

Bustani ya kikundi hutenganisha mikono hiyo. Anayemwagilia si lazima awe ndiye anayechuma. Kwa maoni yangu, kilichotufika kilianzia hapo, na tungeweza kuwa na watu wema watupu na bado kikatufika.

Pembeni ya jiko

Nilimfuata mama lishe mahali anapopikia. Nilichagua saa tisa alasiri, wakati mafundi wamekwisha kula na yeye anaosha masufuria. Alinipa kigoda, akaendelea kusugua kwa jivu na kipande cha neti.

Nilimweleza kilichotokea kikaoni. Alicheka kidogo, wala hakukasirika.

"Dada yangu, mimi Jumamosi siwezi. Mafundi Jumamosi ndiyo siku yao ya kulipwa, wanakula wote, na wenye madeni wananilipa. Nikikosa Jumamosi nimekosa wiki nzima."

Nikamuuliza kwa nini basi anamwagilia kila siku, ilhali hakuna aliyempangia.

"Sikupangiwa na mtu. Napita pale nikitoka kuteka maji yangu ya kesho. Naona miche imelala, naona haya kuipita."

Nilidhani mazungumzo yamefika mwisho, nikaanza kuaga. Ndipo aliposema jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko yote, na alilisema akiwa ameinamia sufuria, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Hivi, mtu akichuma fungu moja jioni ya Jumatano, ni kosa?"

Hakuwahi kuchuma. Kanuni yetu inasema mboga zinavunwa na kugawiwa Jumamosi, kwa waliohudhuria. Tuliiweka ili kuzuia watu wasiokuja kazini wasivune jasho la wengine, na ilionekana kanuni ya haki kabisa. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekuwa akibeba maji jioni baada ya jioni alikuwa akinunua mchicha gengeni kwa ajili ya chungu chake cha biashara, hatua chache kutoka kwenye mchicha alioumwagilia mwenyewe.

Nilimwambia kwamba kwangu mimi si kosa. Akasema, "Wewe ni mmoja, dada. Kikundi ni watu."

Alikuwa na haki ya kunijibu hivyo.

Maji ya bure ya bondeni

Nilipopeleka hesabu ya madumu kikaoni, majibu ya kwanza hayakuwa niliyoyatarajia. Wanachama wawili walisema kwamba tatizo basi ni maji, na maji yapo: tuhamie bondeni. Bonde la Msimbazi haliko mbali na kwetu, wakulima wa mboga wamekuwa wakilitumia kwa miongo mingi, na mto hauna mita ya kusomwa wala jirani wa kuombwa. Hoja hii ilipata wafuasi haraka, hasa kwa wale wanaokumbuka mgao wa maji wa mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likakaa na mabomba makavu. Wakati ule hata kisima cha jirani yetu kilipangiwa foleni, na mchicha ulikuwa wa mwisho katika foleni hiyo, kama ilivyostahili.

Nilipinga, na nitaendelea kupinga. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walitafuta kadimiamu, shaba, risasi na zinki ndani ya mboga tunazozijua sote, mchicha na majani ya maboga yakiwemo, na baadhi ya vipimo vilizidi viwango vinavyokubalika. Maji ya mto ule hupokea mengi kutoka viwandani, gereji na vyooni kabla hayajafika baharini, na kuosha mboga kwa maji safi hakuondoi kilichopanda kupitia mizizi. Sitampa mtoto wa jirani mboga hiyo eti kwa sababu ilimwagiliwa kwa urahisi.

Kuna sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu. Na kuna mafuriko, ambayo hayahitaji kuelezwa kwa mtu aliyekuwepo jijini Desemba 2011, walipokufa takriban watu 40 na familia nyingi za mabondeni kupelekwa Mabwepande.

Sina neno baya kwa wanaolima bondeni. Wengi wao hawana ardhi nyingine, na sehemu kubwa ya jiji hili imekula kwa mikono yao. Sisi tuna kipande chetu juu, chenye ridhaa ya serikali ya mtaa na udongo tuliousafisha kwa mikono. Hatuna sababu ya kukiacha.

Pendekezo la pili lilikuwa mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata, na sasa vikundi vingi vinajipanga. Ni fursa njema kwa kikundi kinachouza. Sisi tunagawa. Mkopo usio na riba bado ni mkopo, na siku ya rejesho tungelazimika ama kuuza mboga tulizoahidi kugawa, ama kuchangishana kwa wanachama ambao wengine hawana cha kuchanga. Hoja hii haikuchukua muda mrefu kikaoni, na nadhani ilitosha.

Swali la malipo

Mwanachama mmoja, mstaafu ambaye maneno yake huwa machache, aliuliza jambo ambalo wengine tulikuwa tukilizunguka: kwa nini tusimlipe mama lishe?

Nimelala na swali hili na kuamka nalo. Upande mmoja wa moyo wangu unasema ndiyo, bila mjadala. Tumezoea kuona posho ya kikao ikilipwa kwa watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakisikiliza semina ya uhifadhi, na nauli juu yake, huku mtu anayebeba maji akiambiwa kwamba kazi yake ni ya moyo. Maskini wa jiji hili wameombwa moyo wao mara nyingi mno. Mwenye mshahara wa mwezi anapojitolea Jumamosi anatoa muda wake wa kupumzika. Mwenye kipato cha siku anapojitolea anatoa kipato chenyewe. Daftari linaandika alama ileile kwa wote wawili.

Upande wa pili una woga ambao siwezi kuupuuza. Tukimlipa mmoja kwa michango yetu midogo, tutamlipa kidogo sana, na malipo kidogo yana tabia ya kugeuka amri. Leo anamwagilia kwa sababu anaona haya kuipita miche iliyolala. Kesho, kwa shilingi chache, mwanachama asiyeshika ndoo angekuwa na ujasiri wa kumuuliza kwa nini tuta la tano limekauka. Nimeona hili katika nyumba, kazini na hata katika nyumba za ibada, na sitaki kuliona pale.

Tulimuuliza mwenyewe. Alisema hataki mshahara wa kikundi. Alitaka mambo mawili: ruhusa ya kuchuma siku anazomwagilia, na mtu wa kusaidiana naye.

Matuta kumi

Ndipo nilipopendekeza tupunguze matuta. Badala ya ishirini na manne, tubaki na kumi yaliyo karibu na kisima. Matuta kumi yanadai madumu 20 hadi 25 kwa siku. Watu wanne kila jioni, kila mmoja madumu matano au sita, ni kazi ya nusu saa au zaidi kidogo, na mtu anaweza kuifanya akitoka kibaruani bila kuichukia. Tukitandaza nyasi kavu tunazofyeka wenyewe juu ya udongo, tutapunguza maji yanayopotea na huenda idadi ya madumu ikashuka.

Upinzani ulikuwa mkali, na ulitoka kwa mtu ninayemheshimu sana, mzee aliyekuwa wa kwanza kushika jembe pale. Alisema: "Mwanangu, ardhi ya wazi Dar es Salaam ikionekana haina kitu, inapata mwenyewe. Leo utaacha matuta kumi na manne, kesho utakuta tofali, keshokutwa utaonyeshwa hati."

Ana haki. Kila mtaa wa jiji hili unaweza kukuonyesha mahali palipokuwa uwanja wa watoto. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541. Katika ile ya 2022 walikuwa 5,383,728. Watu milioni moja zaidi katika miaka kumi hawaachi kipande cha ardhi kikae hivihivi, na mimea iliyosimama imekuwa ulinzi wetu pekee unaoonekana kwa macho.

Pendekezo langu halikuwa na jibu kwa hoja hiyo. Jibu lilitoka kwa akina mama waliokuwa wamekaa nyuma kwenye mkeka. Mmoja alisema, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu analijua: "Si mpande mihogo?"

Mihogo huvumilia ukame, udongo wa kichanga inaupenda, na kisamvu chake huanza kuchumwa miezi mingi kabla muhogo wenyewe haujawa tayari. Tukiipanda masika yanapoanza, mvua itaikuza katika miezi yake ya kwanza, ile inayohitaji maji zaidi. Kando yake tutachomeka vijiti vya mlonge na kupanda mipapai michache kuelekea uzio. Ardhi itabaki imesimama, itaonekana ina wenyewe, na haitamdai mtu dumu kila jioni. Mzee alikubali, kwa sharti kwamba mihogo iwe ya aina isiyo chungu, kwa kuwa watoto watachimba tu.

Kanuni ya mavuno nayo imebadilishwa. Aliye katika zamu ya maji anachuma fungu lake siku hiyohiyo, iwe Jumatano au siku yoyote. Yanayobaki hugawiwa Jumamosi, na zahanati ya mtaa inaendelea kupata sehemu yake kwa ajili ya akina mama wanaojifungua. Wapo waliouliza nani atahakikisha kwamba mtu hachumi mafungu mawili. Sikuona haja ya kuwajibu. Mtu aliyebeba madumu sita akichuma mafungu mawili, mimi simdai.

Tenki

Kimebaki kitu kimoja ambacho hakijaamuliwa, na kinanipa matumaini na wasiwasi kwa kiasi sawa.

Zahanati imekubali tukinge maji ya mvua kwenye paa lake. Mvua ya jiji hili kwa mwaka ni takriban milimita 1,000, na paa la mita za mraba mia moja, ukitoa yanayopotea, linaweza kutoa karibu lita 80,000. Hesabu hiyo iliwafurahisha sana wanachama, hadi pale tulipoitazama kwa upande wa pili. Tenki tunaloweza kulichangia ni la lita 5,000. Mvua moja kubwa ya masika inakaribia kulijaza, na matuta kumi yatalimaliza kwa siku kumi na moja. Kiangazi cha Juni hadi Septemba hakitaguswa na tenki hilo. Litatusaidia kuvuka siku za katikati, mvua zinaposita, na siku ambazo pampu ya jirani imeharibika. Madumu yataendelea kuwepo.

Michango imeanza, na wanaoweza kutoa zaidi wametoa zaidi bila kusomwa majina. Mjadala uliobaki ni wa koki. Kamati inataka iwe na kufuli, kwa sababu koki ya wazi mtaani humaliza maji kwa usiku mmoja, na hilo ni kweli. Ila rasimu ya utaratibu inasema ufunguo ukae kwa katibu, ambaye anafanya kazi Posta, katikati ya jiji, na kurudi nyumbani usiku. Nimeandika barua kwa kamati nikiomba funguo ziwe tatu: moja ya katibu, moja ya zahanati, na moja ya mama lishe, na kwamba orodha ya zamu za maji ibandikwe kwenye ubao uleule tunaoutumia kutangaza kazi za Jumamosi, majina yakiwa ya siku saba. Barua hiyo itajadiliwa katika kikao kijacho, na kwa kuwa mama lishe hawezi kufika Jumamosi, nimeomba pia kikao hicho kifanyike siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, palepale kwenye matuta.